Sinki Lililovuja Usiku Tu

Kabati la chini ya sinki la jikoni kwangu lilikuwa linaloa usiku na kukauka mchana. Alfajiri nikifungua mlango nakuta ubao wa chini una maji, sufuria zimelowa, na pakiti ya sabuni ya unga imeganda kama tofali. Nafuta, napapasa mabomba yote kwa mkono mkavu, sipati hata unyevu. Saa sita mchana pakavu, saa kumi jioni pakavu. Kesho yake alfajiri, maji tena. Kwa siku nne nilimlaumu mtoto wa dada yangu anayeosha vyombo vya usiku, na yeye kwa heshima zake akaendelea kunyamaza na kuosha vyombo.

Kisa hiki kiliisha kwa kuvunja ukuta. Kilianza na washa, kipete cha mpira cha kuzuia maji, kinacholingana na kifungo cha koti. Katikati nimo mimi, spana, na ushauri wa shemeji.

Maji mawili, bomba moja

Nyumba tumepanga, Tabata, Dar es Salaam. Kama nyumba nyingi za mjini, ina njia mbili za maji. Ya kwanza ni maji ya mtaa: yanapita kwenye mita iliyo karibu na geti, yanapanda kujaza simtanki, na tawi lake moja linaingia jikoni. Ya pili ni maji ya simtanki lenyewe, yanayoshuka kwa uzito wake kwenda bafuni, chooni na jikoni pia. Kabla njia hizo hazijakutana kuna valvu za kuzuia maji kurudi nyuma, moja kila upande, ili maji ya mtaa yasipande tanki kwa mlango wa nyuma na maji ya tanki yasikimbilie mtaani. Ukifungua koki ya jikoni hujui unateka maji ya upande gani.

Wewe hujui, ila maungio yanajua. Simtanki letu limekaa juu ya mnara wa zege wa mita tatu hivi. Kila mita kumi za kimo huyapa maji presha ya kama bar moja, kwa hiyo chini ya sinki tanki linasukuma kwa bar 0.3 tu, presha ya kujaza ndoo huku unapiga soga. Maji ya mtaa kwetu huja kwa mgao, mara nyingi kuanzia saa nne usiku, na yakija huja na hasira. Fundi alipokuja kufunga geji ya kupimia presha baadaye, saa tano usiku ilisoma bar 2.8. Kiungio kilekile kinachobeba 0.3 mchana, usiku kinabebeshwa mara tisa ya hapo. Ufa mwembamba kama unywele, ambao mchana tone halina nguvu ya kuupenya, usiku unatema.

Haya nayaandika sasa kwa utulivu. Wakati ule sikuwaza presha, niliwaza mtoto wa dada.

Kilichonifumbua macho ni kiu. Niliamka saa nane usiku kunywa maji, jikoni kimya, nikasikia ndani ya kabati: to. To. To. Nikawasha tochi ya simu na kukaa sakafuni.

Kwa asiyewahi kuchungulia chini ya sinki: ukutani kuna elbo, kona ya bomba ya plastiki iliyofukiwa kwenye plasta, mdomo wake wa shaba wenye thredi, yale meno ya kukazia, ukitazama nje. Kwenye mdomo huo imefungwa engo valvu, ile koki ndogo ya kufungia maji ya sinki peke yake. Juu ya engo valvu inakaa hozi ya fleksibo, iliyosukwa kwa nyaya za kung'aa, ikipanda hadi kwenye koki yenyewe. Maungio matatu basi: la ukutani, la katikati na la juu. Tone lilikuwa linaning'inia kwenye nati ya katikati.

Tone kuning'inia mahali hakumaanishi limetokea hapo. Maji hushuka kwa kufuata bomba hata nusu mita kabla ya kudondoka, kwa hiyo kinachotafutwa ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Nilikausha kila kitu kwa kitambaa, nikavika kila kiungio kipande cha karatasi ya chooni kama kilemba, nikasubiri. Kilemba cha juu kikabaki kikavu. Cha ukutani kikavu. Cha katikati kikaanza kuingia kijivu upande mmoja, kisha kikalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Uchunguzi huo ulikuwa sahihi, na ndiyo kazi pekee ya wiki hizo ninayoweza kuisimulia bila kuona haya.

Usiku uliofuata niliweka jagi. Kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri lilikinga nusu lita na tone la juu. Hesabu inakubali: tone moja kila sekunde mbili ni matone 1,800 kwa saa, na matone ishirini hivi hufanya mililita moja. Kwa mwezi ni kama lita 16. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, maana yake kwenye bili uvujaji wa namna hii hauonekani kabisa, na wanaosema tone la koki linafilisi nyumba wanatia chumvi. Kilichokuwa kinafilisika ni kabati. Ubao wa MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandishwa kwa gundi. Ukinywa maji hufura, na ukifura ndiyo basi, haurudi.

Jumamosi, saa saba mchana

Kijana wa duka la vifaa hata hakuinua macho kwenye simu. "Fleksibo inavuja? Zungushia thredi tepu hapo dada, inakata." Shilingi 1,000.

Nikafunga engo valvu, nikafungua nati ya fleksibo, nikazungushia tepu nyeupe kwenye thredi za engo valvu mizunguko kama kumi na tano, nikarudisha nati, nikakaza mpaka ikagoma. Nikafungua maji. Pakavu. Nikakaa dakika kumi nikiangalia, pakavu kabisa. Nikapiga picha nikamtumia mume wangu aliyekuwa safarini, akanijibu kwa kidole gumba.

Hapo nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo, na yote mawili naona watu wakiyafanya kila siku.

La kwanza ni la thredi. Ukizitazama kwa macho, thredi za bomba zote ni ndugu. Kikazi ziko za koo mbili. Kuna thredi ya kabari: ya kiume, ile inayoingia, imechongwa ikiwa nyembamba mwanzoni na nene kadiri inavyoingia, milimita moja kwa kila kumi na sita za urefu. Ukiikaza inajibana yenyewe ndani ya ile ya kike inayoipokea, na pale inapojibana ndipo maji yanapozuiwa. Hata hivyo chuma na chuma haviwezi kugusana bila kuacha mianya, kwa hiyo unaweka tepu au katani kuijaza. Kiungio cha ukutani, engo valvu ndani ya elbo, ni cha koo hii. Halafu kuna thredi ya kuvuta tu. Hii haizuii maji, wala haikutengenezwa kuyazuia. Kazi yake ni kuvuta vitu viwili vikutane, na maji yanazuiwa pale vinapokutana: kwenye washa ya mpira, au kwenye nyuso mbili zilizosuguliwa kama za yunioni ya chuma, kile kiungio cha kufungulia bomba katikati. Nati ya fleksibo ni ya koo hii ya pili. Ndani yake, chini kabisa, kuna washa bapa ya mpira. Huyo ndiye mlinzi wa mlango. Thredi ni komeo la kumshikilia tu.

Tepu niliyoizungusha haikuwa imesimama njia ya maji hata kidogo. Maji yalikuwa yanapita kwenye washa, yanaingia kwenye thredi kutokea nyuma, yanatafuta mwanya wowote kati ya mizunguko yangu kumi na tano na kutoka. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Tepu imeinenepesha thredi, kwa hiyo nati ikawa nzito mkononi kabla haijaibana washa sawasawa. Mkono wangu uliambiwa "imekaza", na ulichokuwa unakisikia ni tepu. Nilipokuja kuitoa washa ile ilikuwa ngumu kama kucha, na usoni ina mfereji mwembamba uliochimbwa na miaka ya kubanwa palepale. Mpya ni shilingi chache, na kuibadilisha ni kazi ya dakika tatu.

Nikiwa bado kwenye thredi, kitu kimoja kilichonichekesha. Vifaa hivi vyote vinaitwa nusu inchi, na ukivipima hakuna nusu inchi popote. Thredi ya nje ya "nusu inchi" ina upana wa milimita 21 kasoro uchache, zaidi ya robo tatu ya inchi. Jina limerithiwa kutoka kwenye uwazi wa ndani wa mabomba ya chuma ya zamani, na bomba limebadilika mara ngapi sijui, jina limebaki. Ukienda dukani na rula utarudi na kitu kisichoingia. Nenda na kifaa chenyewe mkononi. Na ukiletewa koki nzuri na ndugu aliyeko Marekani, ishuku: nusu inchi yao nayo ina meno kumi na manne kwa inchi kama yetu, inaingia mizunguko ya mwanzo vizuri tu, lakini pembe ya meno yao ni nyuzi 60 na yetu ni 55. Itaingia, itakaza, itavuja.

Kosa la pili ni saa. Nilijaribu kiungio saa saba mchana, kwa presha ya tanki, presha ambayo hakikuwahi kuvuja nayo. Ule ukavu niliotumia picha haukuthibitisha kitu chochote. Ulikuwa ukavu uleule wa kila mchana.

Usiku, jagi likakinga kama kawaida.

Shemeji

Jumapili alikuja shemeji kula. Shemeji ana gari, na ana boksi la spana za gari. Akainama chini ya sinki, akashika nati kwa vidole, akatikisa kichwa. "Shemeji, hukukaza. Hii unakaza mpaka iseme yenyewe." Akatoa spana ya kurekebisha mdomo, ile ambayo mafundi wanaiita kwa jina nisiloweza kuliandika hapa wakati watoto wanasoma, ndefu kama mkono wangu hadi kiwiko, akaikaza nati ile.

Nati ilizunguka kidogo. Engo valvu yenyewe, ambayo hakuna aliyeishikilia, ikalala upande wa kulia kama mlevi aliyeegemea ukuta.

"Hii si kitu," akasema shemeji, akaishika kwa mkono akairudisha ikasimama wima. Akafuta mikono. Tukala pilau.

Hiyo robo ya mzunguko ya kurudi nyuma ndiyo iliyozaa kila kilichofuata. Kiungio cha ukutani kilikuwa cha kabari, kimezibwa kwa tepu tangu nyumba inajengwa, na kilikuwa kizima. Karatasi yangu ilikuwa imethibitisha hivyo. Tepu ikishasagika na kulala kwenye mabonde ya thredi, unaweza kuikaza zaidi kidogo, lakini ukiirudisha nyuma hata kidogo tu inachanika na kuacha njia, nayo haina namna ya kujirudishia unene. Ukishairudisha umeivunja, inabidi ufungue, usafishe, uzungushie upya. Na dawa ya haya yote ni ya kitoto: spana mbili, moja inakaza nati, nyingine imeshikilia mwili wa valvu usitikisike. Mkono wa pili wa shemeji ulikuwa umeshika simu inayomulika.

Jumapili jioni tulijaribu, pakavu, shemeji akaaga. Saa tano usiku kulikuwa na matone mawili, la katikati na la ukutani, yakipokezana kama ngoma na kengele.

Jirani aliyesikia kisa changu bombani alinipa utepe wa tyubu ya baiskeli. Tusiudharau. Bomba lililonyooka likitoboka, utepe wa tyubu uliovutwa kwa nguvu na kuzungushwa unakuvusha siku kadhaa. Kwenye kiungio hausaidii, kwa sababu maji yanatembea ndani ya mifereji ya thredi chini ya mpira na kutokea mwishoni. Wa kwangu ulihamisha tone sentimita nne kwenda kushoto.

Jumanne: nilipokuwa nimeelewa nusu

Kufikia Jumanne nilikuwa nimesoma. Nilikuwa najua habari za koo mbili za thredi. Nilinunua washa mpya. Nilijua kiungio cha ukutani ni cha kabari na kinahitaji tepu, na nilijua lazima nijaribu usiku. Nikafunga maji ya mtaa kwenye mita, nikafunga ya tanki, nikaifungua engo valvu nzima kutoka ukutani, nikasugua thredi zake kwa mswaki mpaka zikang'aa. Tepu nikaizungusha kwa kufuata mwelekeo wa kukaza, mdomo wa thredi ukinitazama na mkono ukienda kama mshale wa saa. Ukizungusha kinyume, valvu inapoingia inaifungua tepu na kuisukumia nje kama ndevu. Nikaacha jino la kwanza wazi ili kipande cha tepu kisije kikasafiri na maji na kuziba koki. Nikaivuta kwa nguvu mpaka umbo la meno likaonekana. Yote hayo ni sawa, na leo ningeyafanya vilevile.

Nisingerudia kuzungusha mara ishirini na tano. Nisingerudia kuazima spana ya shemeji.

Tepu hii imetengenezwa na PTFE, malighafi ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Mkemia wa Marekani, Roy Plunkett, aliikuta mwaka 1938 ndani ya mtungi wa gesi uliogoma kutoa gesi, gesi imegeuka unga mweupe. Sifa yake kubwa ni utelezi, na hapo ndipo mtego ulipo. Thredi kavu inagoma mapema na kukuonya. Thredi yenye tepu inateleza na kuendelea kuingia, na kwa kuwa ni kabari, kila mzunguko inapanua mdomo wa kike kwa nguvu usiyoihisi mkononi. Mdomo ukiwa wa chuma kizito utavumilia. Mdomo wangu ulikuwa pete ya shaba iliyopachikwa ndani ya elbo ya PPR, plastiki ya kijani, ikishikiliwa na vijino vya pembeni tu. Mizunguko yangu mingi iliongeza unene wa kabari, na spana ndefu ikaongeza nguvu.

Nikasikia "kt". Sauti ndogo, kama kuvunja njiti ya kiberiti. Nikadhani ni tepu inajipanga.

Usiku huo nilikesha hadi saa saba. Karatasi ya katikati kavu, maana washa mpya ilikuwa inafanya kazi yake. Karatasi ya ukutani kavu. Nilienda kulala nikiwa fundi.

Siku nane baadaye rangi ya ukuta wa chumba cha watoto, unaogawana mgongo na jikoni, ilianza kutoa malengelenge juu kidogo ya sakafu. Nikabonyeza moja kwa kidole, likatoa maji ya uvuguvugu.

Mita ndiyo iliyonipa jibu. Saa tano usiku, maji ya mtaa yapo, nilifunga koki zote, nikafunga njia ya kujaza tanki, nikafunga hata engo valvu ya sinki, nikatoka na tochi hadi getini. Kwenye mita yetu kuna mishale midogo myekundu. Ule ulioandikwa x0.0001 ukimaliza mzunguko mmoja, lita moja imepita. Nyumba nzima imefungwa, na mshale ule unatembea taratibu kama hauna haraka na mtu. Dakika tatu, mzunguko mmoja. Hiyo ni lita 20 kwa saa, lita 120 kwa usiku wa saa sita. Tangu Jumanne ile, karibu uniti nzima ilikuwa imemwagikia ndani ya ukuta. Nilianza na nusu lita kwa usiku iliyodondokea kwenye jagi, nikaifikisha hapo. Na kwa kuwa elbo iko kabla ya engo valvu, kufunga engo valvu hakukusaidia chochote. Maji yalikuwa yanatokea nyuma yake.

Fundi

Mama mwenye nyumba alimleta fundi anayemwamini, mzee mwenye mkoba wa turubai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama." Akapapasa vigae vya ukutani kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa, akashuka, akasimama kwenye engo valvu. Akaitazama kwa muda. "Nani aliyekaza?"

Nilisema shemeji. Ilikuwa nusu ya ukweli.

Alivunja vigae viwili na plasta ya nyuma yake. Elbo ilitoka na mstari mweupe kuzunguka pete ya shaba, pete yenyewe ikicheza kwa kidole kama jino la mtoto wa miaka sita. Nikamuuliza kama haiwezi kuzibwa kwa gundi. Akacheka. Gundi ya mabomba ya PVC inayeyusha uso wa PVC na kuufanya kitu kimoja. PPR haiyeyushwi na gundi hiyo, inakaa juu yake kama maziwa kwenye jani la mgomba. PPR huungwa kwa moto tu: mashine inapashwa hadi nyuzi 260, bomba na soketi, kikombe kinacholipokea, vinachomekwa kila kimoja upande wake, kwa bomba la milimita 20 ni sekunde tano, vinachomolewa na kusukumwa kimoja ndani ya kingine bila kupindisha, kisha unashikilia. Hakuna thredi, hakuna tepu, vinakuwa bomba moja. Elbo iliyokufa haifufuliwi. Inakatwa na kipande cha bomba, inaungwa mpya.

Hapo tukakwama kwa jambo dogo. Geti valvu ya tanki ni ya zamani, haifungi kabisa, na kwenye mdomo wa bomba lililokatwa kulikuwa na uzi wa maji unaochuruzika. Maji yakigusa plastiki ya moto, kiungio kinaharibika. Mzee akaniuliza, "Mama, una boflo?" Nikadhani ana njaa. Akang'oa nyama ya mkate bila ganda, akaifinyanga kitonge, akaisukuma ndani ya bomba kwa kidole. Uzi ukakatika. Alikuwa na dakika chache kabla mkate haujalainika, na zilimtosha: soketi, kipande, elbo. Baada ya viungio kupoa alifungua maji kwenye ndoo kabla ya kufunga valvu yoyote, mkate ukatoka vipande vipande, kisha uji mweupe, kisha maji safi.

Engo valvu hakuifunga kwa tepu. Alitoa fungu la katani, nyuzi chache tu, akazikwaruza thredi kwa jino la msumeno ili nyuzi zishike, akazilaza kwenye mabonde, akapaka mafuta mazito meupe. Nikamuuliza tepu ina kosa gani. "Haina kosa. Ila katani ikilowa inavimba. Ukikosea ukairudisha kidogo, inakusamehe." Akanitazama. "Kwa shaba na shaba hivi ni sawa. Kwenye mdomo wa plastiki mtupu usiiweke, ikivimba itaupasua." Akakaza kwa mkono mpaka mkono ukashindwa, kisha kwa spana fupi mzunguko mmoja na nusu, spana ya pili ikishikilia elbo. Spana yake ilikuwa fupi kuliko penseli ya mwanangu. Ilisimama kabla valvu haijagonga mwisho wa thredi, na meno mawili yakabaki yanaonekana nje. Mimi nilidhani meno yakionekana kazi haijaisha.

Nikataka kumlipa, akakataa. "Bado. Nitarudi maji yakija." Akarudi saa nne na nusu usiku na geji, akaifunga mahali pa fleksibo, tukasoma ile 2.8 tukiwa tumechuchumaa wote wawili jikoni, mtoto wa dada akitumulikia. Hakukuwa na tone. Hata hivyo alikataza shimo la ukutani lisizibwe kwa siku mbili. Usiku wa pili nilikwenda mwenyewe kwenye mita, nikafunga kila kitu, nikautazama mshale wa x0.0001 kwa dakika kumi. Ulikuwa umekufa.

Mama mwenye nyumba alikuja Jumamosi kukagua. Alitazama plasta mpya, akatazama ubao wa kabati uliofura hadi mlango haufungi, akatazama vigae viwili vipya. Vile vya zamani havipo tena madukani. Hivi ni vyeupe, na ukuta mzima una rangi ya maziwa ya jana.

"Mwanangu," akasema, "fundi nimlipe mimi. Vigae ulipe wewe. Na spana ya shemeji yako irudi kwao."

Ilirudi jioni ileile. Kabati hadi leo halifungi, nimelizuia kwa kuliegemezea ndoo.